Siku Nyeupe za Umulkheir

Mwaka wa 1981 ulipoingia, Umulkheir aliweka nadhiri. Atahitimu Kurani mara kumi na mbili, kila mwezi mara moja, kuanzia Januari mpaka Desemba, na kwa baraka ya kisomo hicho Mungu ampe mtoto. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imepita bila hata mimba ya kuharibika. Watu wa Bula Pesa, mtaa wao pale Isiolo, ni wapole, hawakumsema mbele yake. Walimwombea dua, tena kwa sauti, mtu akiwa upande wa pili wa barabara asikie.

Kusoma hakukumpa shida. Baba yake alikuwa maalimu kule Korbesa, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume alimkalisha binti mbele ya msahafu tangu ana miaka mitano. Msahafu una juzuu thelathini. Juzuu moja kila alfajiri, mwezi unakwisha na kisomo kimekwisha. Shida ilikuwa hesabu. Mwanamke ana siku zake, na katika siku hizo haswali wala hagusi msahafu. Kwake zilikuwa saba, hazikosei. Kwa hiyo juzuu thelathini ilibidi ziingie katika siku ishirini na tatu au nne, na asubuhi nyingine asome mbili, uji ukimwagikia jikoni.

Ili asipotee, aliomba kalenda kwa Habsa, mwenye duka la kona, ambaye babu yake alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza na kuacha ukoo mzima wa wenye maduka na malori. Kalenda ilikuwa na picha ya lori jekundu juu na miezi yote kumi na miwili chini yake, kila siku na kijumba chake. Umulkheir akaitundika juu ya meza ya chai, akafunga kalamu ya risasi kwa uzi pembeni. Juzuu moja, mstari mmoja. Juzuu mbili, mistari miwili. Siku zake zilipofika, vijumba saba vikabaki vyeupe.

Januari alihitimu tarehe thelathini na moja, jua likizama, sauti imekauka. Alilia kwa furaha. Mtu akikuambia kusoma ni kazi ya wavivu, mpe juzuu thelathini.

Sasa, kila asubuhi mama mkwe wake alikuja kunywa chai. Qabale aliishi nyumba ya pili uani, na mumewe Umulkheir, Doyo, alikuwa mwanawe wa pekee. Hakujua herufi hata moja. Lakini alikuwa mtoto wa wafugaji wa Biliqo; alikua akisimama kwenye lango la zizi jioni, na ng'ombe mia mbili wakiingia aliweza kusema ni yupi hayupo. Jicho la namna hiyo halihangaiki na kilichopo. Linatafuta kilichokosekana.

Mwezi wa pili alitazama kalenda, akapuliza chai yake, akasema, "Intala, hizi nyeupe ni nini?" Intala ni binti kwa Kiborana, na alipolitamka alikuwa na upendo au alikuwa na jambo.

Umulkheir akaona haya. "Ni siku sisomi, Ayo." Ayo ni mama.

"Aa." Qabale akahesabu kwa kidole hewani. "Saba."

Tangu siku hiyo alisoma kalenda ile kuliko mwenye kalenda. Machi, wageni wakiwepo, alitazama juu akaguna: "Nyeupe zimekuja tena." Wageni nao wakatazama. Aprili, jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi aliinua macho ukutani kabla hata ya kutoa salamu. Umulkheir aliona aibu ya kumtoa mtu jasho. Alichokuwa akimwambia Mungu peke yake, mwili wake ulikuwa ukikitangaza ukutani, kwa mistari aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe.

Utauliza kwa nini hakuishusha. Angeishusha, wangeuliza anaficha nini.

Mwisho wa Aprili Doyo alikuja nyumbani siku kumi. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe pande za Merti na alionekana mjini kwa nadra. Alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi, na watu wa aina hiyo ndio wanaoumiza kuliko wote, kwa maana humwachia mwingine aseme. Aliyesema ni Qabale. "Nimezaa mmoja tu," alimwambia Umulkheir, macho yakiwa kwenye kikombe. "Nikikufa, nyumba hii inazimwa. Kuna msichana ya Tache, huko Biliqo. Hatukufukuzi. Utakaa mkubwa." Doyo aliondoka na tumbaku na buni katika mfuko, kama ilivyo desturi ya kuposa.

Mei, siku zake zilipokuja, Umulkheir alisimama mbele ya kalenda asubuhi ile na hakusoma kitu. Alishika kalamu. Nia yake, na hili lazima lisemwe, haikuwa kudanganya kwamba ana mimba. Alichotaka ni macho yale yakose cha kuokota, mwezi mmoja tu. Akachora mstari, akajiahidi kulipa kisomo hicho baadaye. Kesho yake akachora mwingine. Siku saba, mistari saba, na hata herufi moja haikusomwa. Chumbani aliswali au hakuswali, hapakuwa na wa kumwona. Lakini hakufikiri jambo moja, naye alikuwa na akili za kutosha: anayesoma mapengo atasoma pia yakikosekana.

Qabale alisoma. Alinyamaza, mtu mzima haropoki. Akangoja Juni. Na Juni Umulkheir alipoona anatazamwa kwa namna mpya, laini, ya kuogofya, aliogopa kuacha pengo, akachora tena. Uongo haukai peke yake, lazima uite mwenzake.

Habsa ndiye aliyemuuliza waziwazi, dukani, akimpimia sukari. "Salaam aleikum, mama kijacho. Ni kweli?"

"Inshallah."

"Inshallah ni ya kesho. Mimi nauliza ya leo." Habsa akaacha kupima. "Umulkheir, mimi si mtu wa nje. Kama kuna jambo, sema. Mficha uchi hazai, dada."

Ilikuwa methali ya kawaida, watu huisema kila siku. Umulkheir aliondoka bila sukari.

Siku ya mwisho ya Juni, Qabale alichinja kondoo dume sadaka, akagawa nyama uani kwa maskini na wasio maskini. Alimshika Umulkheir mashavu kwa mikono yenye harufu ya damu na mafuta, akalia. Hakuna aliyewahi kumwona Qabale akilia, hata siku alipozika mumewe. "Miezi mbili hakuna nyeupe. Mungu amesikia kusoma yako." Umulkheir alifungua mdomo. Kisha akaufunga bila kukanusha. Na hapo ndipo kosa lake lilipo hasa, kwa sababu mstari unaweza kufutwa na hapo alikuwa na nafasi. Lori lililokuwa likielekea Merti lilibeba habari kwa Doyo. Naye Doyo akaenda Biliqo, akamwambia Tache kwamba shauri limesimama, mke wake amebarikiwa.

Ramadhani ikaingia. Qabale alimletea maziwa ya ngamia adhuhuri. "Mjamzito ameruhusiwa. Kunywa." Umulkheir akasema anafunga, mwili unaweza. Qabale akamsifu kwa majirani: ana mimba na anafunga! Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa mgunga.

Siku ya nane ya mfungo, siku zake zikaja. Sasa hakuweza kufunga, hakuweza kuswali, hakuweza kusoma, na Doyo alikuwa ametuma neno kwamba yuko njiani. Alikaa kitandani akajiuliza ataendelea mpaka lini. Atafunga kitambaa tumboni? Ataiba mtoto wa nani? Alicheka peke yake, kicheko kibaya, kisha akaogopa. Akawaza ile mistari kumi na minne. Mbele ya Qabale ilikuwa uongo. Mbele ya Mungu, katika kitabu chake mwenyewe, hakujua iitweje.

Adhuhuri Qabale aliingia na maziwa. Umulkheir alishusha kalenda, akaiweka mezani, akachukua kifutio. Akaanza na Mei. Alifuta mstari mmoja, akapuliza uchafu, akafuta wa pili. Karatasi ikawa ya kijivu, mahali pengine ikachanika. Qabale alisimama na kibuyu mkononi, akatazama kama mtu anayetazama lango la zizi. Mei ilipoisha, Umulkheir akaingia Juni.

"Saba," Qabale akasema. Baadaye kidogo: "Na saba."

"Sikusoma hizo, Ayo. Zilikuwa nyeupe. Nilichora kwa sababu ya aibu. Sina mimba. Sikuwa nayo. Na leo nyeupe zimeanza tena."

Nje, Kinanu, mama wa Kimeru auzaye ndizi, alipita akiita wateja wa futari.

"Mimi nimechinja kondoo," Qabale akasema.

"Najua."

"Nimelia mbele ya watu."

"Nisamehe, Ayo."

Qabale aliinama juu ya kalenda, akapitisha kidole kwenye Januari, Februari, Machi, Aprili, polepole, mstari kwa mstari. "Na hizi zingine?"

"Hizo nilisoma. Wallahi nilisoma zote."

"Mimi sijui kusoma. Nitajua aje?"

Umulkheir alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kofi, kwa talaka. Hili hakulitarajia. Alfajiri mia moja na zaidi, sauti iliyokauka, usingizi aliounyima mwili wake, vyote vikawa sawa na mistari kumi na minne ya uongo, na hakuwa na shahidi hata mmoja. Alilia kwa sauti, bila kujificha. Qabale aliweka kibuyu mezani.

"Kunywa. Leo huna saumu," akasema, akatoka.

Doyo alifika usiku wa kuamkia Ijumaa. Hakupiga, hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Watu wa Biliqo niliwaambia nini? Sasa nitawaambia nini?" Akalala nyumbani kwa mama yake. Baada ya siku tatu akarudi kaskazini na tumbaku mpya, na Tache, aliyeaibishwa mara moja, alidai aongezewe mitamba miwili ndipo akubali. Arusi ikawekwa baada ya Idi.

Umulkheir alipotwahirika, alioga, akaswali alfajiri, akafungua msahafu. Mlango ukasukumwa. Qabale aliingia na kigoda chake, akakiweka karibu na kizingiti, akakaa. Hakutoa salamu.

"Soma nisikie."

Akasoma. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata njia. Juzuu nzima, Qabale hakusogea. Ilipoisha alisimama, akashika kalamu ile kwa ngumi, kama mtu anayeshika chuma cha kuchomea ng'ombe alama, akachora mstari mmoja uliopinda katika kijumba alichoonyeshwa. Ulikuwa mstari wa kwanza maishani mwake. Kesho yake akaja tena. Asubuhi ambazo Umulkheir alilipa zile juzuu kumi na nne, Qabale alikaa kwa juzuu mbili, magoti yakimuuma, akachora mistari miwili. Hawakuzungumza habari nyingine. Umulkheir hakujua kama anasamehewa au analindwa asiibe.

Idi ikapita, na katikati ya Agosti msichana wa Tache akaletwa. Jina lake Asli, miaka kumi na minane, mwoga, mikono imejaa hina. Ua ulijaa wanawake, na kwa kuwa nyumba ya mke mkubwa ndiyo yenye meza ya chai, waliingia humo, mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakatazama ukuta. Umulkheir alimimina chai. Alikuwa ameamka asubuhi hiyo na siku zake, kana kwamba mwili wake nao ulitaka kuhudhuria arusi.

Qabale alipita katikati ya wageni, akaenda moja kwa moja kwenye kalenda, akashika kalamu. Shughuli zilimzuia alfajiri. "Leo je?" akauliza, na wanawake wakageuka.

Umulkheir alihisi macho yote mgongoni. Angeweza kusema nimesoma, Ayo, uani palikuwa na kelele hukusikia. Nani angejua?

"Leo hakuna, Ayo," akasema. "Wala kesho. Ni siku saba."

Kikombe kiligonga sahani mahali fulani. Qabale alitazama kijumba cheupe kwa muda mrefu, kalamu imeelekezwa juu yake. Kisha akaiachia, ikaning'inia kwenye uzi wake. Akavuta kigoda, akakaa kando ya Umulkheir, mbele ya wageni wote, akapokea chai.

"Hii nyeupe," akasema, "hii naamini."