Mashine Hapana Toka

Ngendo aliizima injini ya mashine ya kusaga kabla Gerishon hajashuka kwenye lori. Shemeji yake hakuwa mtu wa kuja Ruiru kusalimia, na leo alikuja na wapagazi wawili na kamba nene. Wanawake waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi wakageuka kumtazama.

"Mama Waceke," alisema Gerishon, akikung'uta koti lake kana kwamba unga ulikuwa umekwisha kumwagikia, "barua ya mume wako imefika."

Barua zote za Kagwe zilipitia sanduku la posta la Gerishon huko Thika, maana Gerishon ndiye aliyekuwa na duka, na lori, na kibali cha kutembea katika siku hizo za hali ya hatari. Kagwe alikuwa kizuizini mwaka wa pili sasa. Huko barua iliruhusiwa kwa Kiswahili au Kiingereza tu, ili wakaguzi wa serikali waisome. Neno lolote la Kikuyu lilipakwa wino mweusi. Basi mume na mke ambao hawakuwahi hata kusalimiana kwa Kiswahili, sasa ndoa yao ilibidi iishi kwa Kiswahili, tena mbele ya macho ya watu.

Gerishon alikohoa, tayari kumsomea. Ngendo akampokonya karatasi, akaisoma mwenyewe kwa sauti, kila mtu asikie anavyodhalilishwa.

"Wewe Ngendo. Mashine patia Gerishon. Hapana bisha. Wewe rudi shamba kwa mama. Fanya upesi. Mimi Kagwe."

Chini ya jina palikuwa na doa fupi jeusi.

Hakuna salamu! Hakuna kuuliza kama mtoto wao Waceke alipona surua au alikufa! Mwaka wa pili sasa ameiendesha mashine hii ya kusaga. Ameamka na baridi kuiwasha, amechonga mawe yake yalipokuwa butu, amesimama mlangoni mbele ya askari waliotaka kusagiwa bure, na Gerishon hakuonekana hata kivuli. Waceke alikula na kusoma kwa mashine hiyo. Leo mama yake anaamrishwa kama mchuma kahawa aliyechelewa kazini.

"Nani alimwambia kwamba imenishinda?" aliuliza.

"Nilimwandikia ukweli. Mwanamke peke yake, na wanaume wanaingia na kutoka. Watu wanasema."

"Watu gani?"

Gerishon akaitazama kamba.

"Wataje, shemeji. Nusu ya kijiji iko hapa kwenye foleni. Wataje!"

Aliyejibu ni Opiyo, mkata mawe wa machimboni, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake.

"Mama, usikasirike mimi nikisema. Hiyo si maneno ya Kagwe. Hiyo ni ya nyapara. Mimi na yeye tulijifunza Kiswahili pamoja, pale kwa shamba ya kahawa. Hapana bisha, fanya upesi, basi. Mimi nikiandikia bibi yangu na hiyo Kiswahili, atafunga mizigo arudi kwao."

Watu wakacheka. Ngendo hakucheka. Mawazoni alimwona Kagwe, ambaye nyumbani aliomba hata maji ya kunywa kwa upole mpaka ukamchosha mtu, akitafuta neno laini katika lugha aliyofundishwa kwa kiboko, asilipate. Akalitazama tena lile doa. Amri zote zilikuwa zimepita salama. Neno moja tu ndilo serikali ililolikataa.

Hasira haikumtoka. Alimkasirikia Kagwe bado, kwa kumwamini ndugu yake kabla ya kumuuliza mkewe. Alimkasirikia Gerishon zaidi. Na kuliko wote, alimkasirikia yule mtu mwenye chupa ya wino, ambaye hata sura yake hakuijua.

Alichomoa kalamu katika mfuko wa koti la Gerishon, akachana ukurasa kwenye daftari la shule la Waceke lililokuwa dirishani, akaandika huku akitamka:

"Wewe Kagwe. Mashine hapana toka. Hapana sikiliza Gerishon. Waceke mzima. Wewe kula, wewe lala, wewe hapana kufa. Rudi upesi. Mimi Ngendo."

"Huwezi kumwandikia mume hivyo," alisema Gerishon.

"Yeye ameniandikiaje?"

Kisha akainama, na chini ya jina lake akaandika, kimya safari hii, lile jina la Kikuyu alilomwita Kagwe walipokuwa wawili tu. Gerishon akachungulia.

"Hilo watalipaka wino. Unajisumbua bure."

"Wapake." Ngendo aliikunja karatasi, akaitia pamoja na kalamu katika mfuko wa shemeji yake. "Uitume. Foleni nzima imesikia."

Gerishon alianza kusema jambo jingine, lakini Ngendo alikuwa amekwisha kuiwasha injini.