Kizibo cha Dumu

Alizeti ya kaka yangu ilinitia hofu kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Majirani wote mazao yao yalikuwa yamepauka kwa ukame. Yake ilikuwa na majani mapana kama sinia, kijani cha kukaribia weusi. Mistari miwili tu ya mwanzo ilikuwa mifupi, imekonda.

"Mpima udongo, mbona umenuna?" akanitania. "Kubali tu, mkulima ni mimi."

"Urea uliweka kiasi gani, kaka?"

"Kizibo kimoja kila shina, kama ulivyonielekeza."

"Cha soda?"

Akakuna shingo. "Kile kilipotea nilipofika mstari wa tatu. Nikachukua cha dumu."

Nilikijaza mchanga, nikaumimina kwenye kizibo kingine cha soda. Ulikijaza mara nne.

"Uzuri wa mkakasi huo," alisema wifi yangu, akicheka. Mahindi yao yalikuwa yameshakufa. Shamba hili ndilo lililobaki.

Niliwaeleza. Urea imeotesha majani, na kila jani linakunywa. Tangi lilikuwa na maji ya kumwagilia mara mbili. Maua yangefunguka baada ya siku kumi na mbili, kisha mbegu zingehitaji mwezi mzima kujaa mafuta. Nilichimba hadi kiwiko: vumbi. Saa sita mchana majani yale mapana yote yalilala kwa pamoja.

"Ng'oa mstari, acha mstari. Leo hii. Itakayobaki igawane maji."

"Ning'oe hii? Watu wanasimama barabarani kuipiga picha!"

"Ing'oe, kaka."

"Haya, haya. Umeshinda, msomi."

Nilirudi baada ya wiki sita. Tangi lilikuwa kavu, na kijiti cha kupimia maji kilikuwa kimesimama kwenye tope lililopasuka. Vichwa vya alizeti vilikuwa vikubwa kama sahani, vyote vimeinama. Kaka alinipa mbegu kiganjani. Nikabana moja kwa ukucha. Ganda tupu. Ya pili, tupu. Ya kumi, tupu.

"Hukung'oa," nikasema.

"Niling'oa, dada. Ile mistari miwili ya mwanzo, iliyokuwa inaniaibisha."

Wifi hakutuangalia. Alikuwa akichochea moto kwa mashina membamba, yamekauka vizuri.