Zozo Iliyojiendea Diepsloot

Jumamosi asubuhi, mwezi wa Juni mwaka 2008, Mwatumu alisimama uani kwa Ildephonse akigonga kuta za zozo ya bluu. Zozo ni nyumba ya mabati inayouzwa ikiwa tayari, na nusu ya Diepsloot, mtaa wa watu wa kipato cha chini pembezoni mwa Johannesburg, inalala humo. Mabati hayakumsumbua Mwatumu. Alichotaka ni sakafu ya mbao, kwa sababu bintiye Sumaiya ana pumu, na baridi ya Johannesburg hupanda kutoka ardhini.

Mwatumu ni mtu wa Tanga, na kwao bei ya kwanza ni salamu tu. Alikata bei, akaenda zake hadi getini, akaitwa, akarudi, akakata tena. Ildephonse, Mrundi mpole mwenye lori moja, alishuka hadi pesa ya sakafu ikabaki kwenye pochi ya mama. Mwatumu alijisikia mshindi. Kumbe alikuwa amepigania mabati matupu.

"Sasa mama, iko transport," Ildephonse alisema. "Na sakafu ni ingine."

"Kaka, si tumeshaelewana?"

"Tumeelewana nyumba."

Pesa iliyobaki ilitosha kimoja tu, usafiri au sakafu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alilipa usafiri.

Ildephonse alikuwa hata hajawasha lori. Zozo iliinuka, ikajikung'uta vumbi, ikatoka getini kwa mwendo wa bibi harusi. Mwatumu akaifuata. Barabarani ilikaa kushoto, na kwenye roboti, kama wanavyoita huku taa za barabarani, ilisimama ikangoja ya kijani, jambo ambalo teksi za huku hazina muda nalo. Nyuma yao lori likaja taratibu, tupu, limewasha taa za tahadhari.

Ilipofika kwenye kiwanja alichokodi Mwatumu, zozo ilizunguka mara moja, ikaelekeza mlango kwenye jua, ikakaa.

"Kaka, imekuja yenyewe," Mwatumu alisema. "Ile ya usafiri basi niwekee sakafu."

Ildephonse alifikiri sana, maana si mtu mbaya.

"Mama, lori limefika ama halikufika?"

"Limefika."

"Basi."

Jirani mpya wa Mwatumu, Brigitte, alikuwa akianika nguo. "Eish, dada, umeshalipa, kaa tu. Ya kwangu ilitembea toka Soweto na mvua, na usafiri nililipa."

Mwatumu alikasirika. Kisha akatandaza maboksi juu ya udongo, mkeka juu ya maboksi, na mtoto juu ya mkeka. Ilikuwa nyumba yake, na aliipenda pamoja na hasira zake.

Wiki iliyofuata zozo mbili zilipita zikifuatana, lori tupu nyuma yao. Usafiri ulikuwa umepanda, Ildephonse alieleza kutoka dirisha la lori, kwa sababu ya bei ya dizeli. Ndani Sumaiya alikohoa, na Mwatumu akaongeza boksi jingine.