Ekari ya Nyar Karungu

"Ekari nzima, magunia tisa!" Marcella aliguna kila mavuno. "Mimi nilikuwa natoa kumi na mawili. Lakini Nyar Karungu atajulia wapi jembe? Kwao ni samaki."

Aliyeitwa hivyo, binti wa Karungu, ni Phelesia, mke wa mwanawe. Kweli alizaliwa Karungu, binti wa mvuvi, na alipoolewa huku Kosele miaka kumi na mmoja iliyopita hakujua hata shimo la mahindi lichimbwe kina gani. Mwaka wa kwanza alipata magunia manne. Mavuno yakaongezeka polepole hadi tisa, na bado alionekana mzembe.

Agosti hii akaja msichana aitwaye Sheila, mtafiti wa mavuno, na kifaa mkononi. Aliuliza, Phelesia akasema kweli: magunia tisa, ekari moja.

"Acha tupime, mama."

Wakazunguka mpaka, kona hadi kona. Sheila akatazama kifaa, akazunguka tena peke yake.

"Hii si ekari. Ni nusu na kidogo tu."

Marcella, aliyekuwa kibarazani akipukuchua mahindi, akainua kichwa. "Hapana! Marehemu mzee aliipima kwa hatua zake." Kisha akautazama mpaka. "Barabara ilikula upande ule," akasema taratibu. "Halafu Willis, mwanangu mdogo, akajenga nyumba yake pale."

"Basi kwa ekari kamili," Sheila akasema, "huyu mama anatoa kama magunia kumi na sita."

Phelesia akajifanya anafunga gunia, machozi yasionekane.

Mgeni alipoondoka, Marcella alimshika Phelesia bega. "Nizungushe na mimi."

Walienda polepole, kwa sababu ya magoti yake.

"Unafanyaje?"

"Konzi ya samadi ya mbuzi kila shimo, mbegu mbili, maharagwe katikati ya mistari. Na sisubiri mvua ikolee ndipo nipande. Nilikuwa sijui kitu, Mama, nikauliza kila mtu."

"Mimi hukuniuliza."

"Nilikuogopa."

Mama mkwe akasimama. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Nyathina," akamwita, mwanangu, jina ambalo hakuwahi kumpa. "Nimekuonea."

Mvua za Septemba ziliponyesha, Marcella aliketi kando ya shamba, beseni la samadi mapajani, akivunjavunja madonge kwa vidole na kumpa Phelesia konzi baada ya konzi.