Jibu la Mama Ajira

Mama Ajira alikaa, akainuka, akakaa tena. Miaka yote aliwaambia waliokuwa wakingoja kwenye benchi hili la ofisi ya ajira, "Tulieni, wanangu, wasiwasi hauajiriwi," lakini yeye hakuwahi kulikalia. Leo mkataba wake unakwisha, na nafasi yake imetangazwa ubaoni. Tangazo alilibandika kwa mkono wake mwenyewe. Waombaji wenzake wote ni watu aliowafundisha kujibu maswali ya usaili. Mganga hajigangi, ndiyo hayo.

Kila aliyetoka ndani alimchangamkia. "Shikamoo, mwalimu! Nimejibu vilevile ulivyotufundisha!"

"Marahaba," aliitikia.

Zamu yake ikafika. Ndani kulikuwa na wakubwa watatu kutoka makao makuu, hawamjui wala hawajawahi kumwona. Mwenye miwani akauliza, "Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Jibu likamtoka bila kufikiri. "Napenda kumwona mtu akiingia ameinamisha kichwa, akitoka amekiinua."

Wakatazamana. Mmoja akaficha kicheko nyuma ya faili.

"Dada, hilo tumelisikia tangu asubuhi. La kwako hasa ni lipi?"

Hasira zilimpanda. La kwangu ndilo hilo, nimelitunga mimi! Lakini nani angemwamini, naye amelisema baada ya wenzake? Akababaika, akataja mambo ya kompyuta, akaambiwa asante.

Nje alikuwa amebaki mmoja tu, mshonaji mjane aliyeachishwa kazi kiwandani. Akamdaka mkono. "Mwalimu, wanauliza nini?"

Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Lakini mazoea yana taabu. Vidole vyake vilishaanza kumnyooshea kola yule mama.

"Lile jibu langu liache, limeshachuja. Wewe kazi hii unaitakia nini?"

"Mwalimu, mimi benchi hili nimelikalia mpaka msumari wake unaochana nguo naujua. Nataka wengine wasilikalie sana."

Roho ilimuuma Mama Ajira kwelikweli, maana hilo ndilo jibu, na yeye hakuwa nalo.

"Kaseme hivyohivyo," akamwambia, akamfungulia mlango.

Mlango ulipofungwa, alipapasa nyuma ya sketi yake. Ilikuwa imechanika.