Ushuhuda wa Dakika Tatu

Habari ilimfikia Agape Ijumaa asubuhi, akiwa kazini steshenari pale kituo cha Picha ya Ndege, anamtolea mwalimu mmoja kopi za mitihani ya darasa la nne. Ilikuja kwa sauti kwenye simu, na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na karatasi, akaiwekea spika. Asingefanya hivyo kama angejua. Mwinjilisti Laurean wa Masaki, kule Kisarawe, hajui kuongea taratibu hata akikupa pole, seuze siku ile aliyokuwa na furaha.

Alisema mtumishi Agape, mbegu uliyopanda hapa Jumapili imeota. Kuna mama mmoja mchoma mkaa, anaitwa Benedikta, ana kifafa tangu usichana wake. Alikuwepo ulipotoa ushuhuda. Jumatatu akavikusanya vidonge vyake vyote akavitia motoni, na leo siku ya tano hajaanguka. Jumapili tunamsimamisha na yeye ashuhudie, na wewe uje usimame naye.

Mwalimu akasema amina. Dada wa dirisha la vocha akasema amina na kupiga makofi. Agape naye akasema amina, maana ungesema nini. Chini ya meza, kwenye pochi yake, ndani ya leso iliyopigwa fundo, kulikuwa na kopo la vidonge. Kimoja alikuwa amekimeza asubuhi ileile, kwa chai.

Agape hakuwa mwongo. Hilo alijiambia mara ngapi sijui kabla hata mashine haijamaliza kutoa kopi. Alianza kuanguka akiwa mwaka wa kwanza chuoni, kwanza kwenye foleni ya chakula, halafu katikati ya mtihani, wenzake wakaruka madawati wakikimbia povu lake kama linauma. Akaomba, akafunga. Katika maombi hayo ndipo alipopata ujasiri wa kwenda kliniki, jambo alilolikwepa mwaka mzima kwa aibu, na huko muuguzi Stellamaris akampa vidonge na kumwambia asiruke hata siku moja. Hajaanguka tena, mwaka wa tatu huu. Aliamini kwa moyo wote kwamba ni Mungu: Mungu aliyemsikia, Mungu aliyemnyanyua akaenda, Mungu aliyemweka Stellamaris pale mlangoni.

Mara ya kwanza aliposimulia, kanisani kwao, alichukua dakika kumi na mbili na kliniki ilikuwemo. Ila mikutanoni ushuhuda ni dakika tatu. Mtu anakaa mbele na kengele, ikilia unashuka. Basi walipomwalika kijijini Dutumi, alipofika pale pa "tangu siku ile sijaanguka", watu wakalipuka kwa makofi, kinanda kikaingia, vigelegele, na kengele ikalia juu yake. Kliniki ikabaki mdomoni. Mkutano wa pili kinanda kiliingia palepale. Wa tatu hakungoja tena kengele, akaishia hapo mwenyewe. Ulikuwa unapendeza ukiishia hapo. Masaki, Jumapili iliyopita, ilikuwa mara ya sita.

Na kuna neno la Stellamaris ambalo Agape hakuwahi kulisahau. Alimwambia ukiviacha ghafla, ugonjwa haurudi ulipokuwa. Unakaa kimya siku kadhaa kama umekusamehe, halafu unarudi na wenzake. Unaanguka, unaamka nusu, unaanguka tena. Wengine hawaamki.

Leo siku ya tano.

Alitoka nje akampigia Laurean. Alimwomba amwambie yule mama arudi zahanati akachukue vidonge vingine, leo hii, asisubiri Jumapili. Laurean akacheka kwa upole, kicheko cha mtu anayemhurumia mtoto. Alimuuliza kama anataka amrudishe mtu Misri wakati bahari imeshapasuka. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu.

"Mtumishi, kwani wewe unatumia?"

Lilikuwa neno moja, ndiyo. Agape alilisikia likipanda kooni. Pikipiki mbili zikapita, mama wa mihogo akamrudishia mtu chenji, na bado lilikuwa kooni. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Jioni mama yake mdogo Bertha, anayeishi naye, alisikiliza yote huku anachambua mchele, na Agape alipomaliza hakuinua macho. Alimkumbusha kwamba barua ya posa iko ndani ya kabati, imesomwa Jumamosi iliyopita mbele ya wazee. Zablon, mwenye posa, ni kijana wa Masaki. Mama yake Zablon ndiye mwenyekiti wa akina mama kule, ndiye anayeshika kengele. Aliukubali ugonjwa wa mkwewe kwa sababu aliambiwa umekwisha.

"Ukasimame mbele yake useme kila asubuhi unakunywa dawa ya kifafa," Bertha alisema. "Haya. Halafu urudi hapa tuchambue mchele wote wawili mpaka tuzeeke."

Agape alimuuliza je, yule mama akifa. Bertha akachambua, akachambua, akasema watu wengi wanaacha dawa bila kusikia ushuhuda wa mtu yeyote. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na mchele mzuri aliutupa pamoja na chuya.

Jumamosi Agape akatoka mapema, akazunguka kwa njia ya Pugu mpaka Kisarawe mjini. Njia nzima alikuwa anaisikia ile amri ya kutomshuhudia mtu uongo. Tangu Sunday School alidhani ni ya mahakamani, ya watu wanaoapa kwa uongo kumfunga jirani. Kumbe unaweza kumshuhudia mtu uongo bila kusema neno moja la uongo, madhabahuni, umevaa gauni jeupe.

Pale mjini alipata bodaboda, mwanaume wa makamo anaitwa Hashiru, ambaye alipoambiwa Masaki kwa mama Benedikta akageuka akamtazama vizuri.

"Wewe si ndiye dada uliyepona?" Kisha akaongeza, kwa utani, kwamba mke wake naye ana mgongo, kama kuna nafasi.

Agape hakucheka. Hashiru akawasha pikipiki, na barabarani akaendelea kumpa habari kwa kupiga kelele juu ya upepo: kijiji kizima kinamwongelea Benedikta, yeye Mwislamu lakini zimemfikia mpaka msikitini, na yule mama anafanya kazi sasa kama msichana. Jana tanuri lake la mkaa lilipasuka, leo kutwa yuko juu yake anaziba.

"Juu yake?" Agape aliuliza.

"Sasa utaliziba ukiwa chini?"

Moshi waliuona kabla ya nyumba. Ulikuwa umelala juu ya mikorosho, mweupe mzito, haupandi wala hauondoki. Mbwa mmoja alikuwa amekaa njiani anautazama. Hashiru alizima pikipiki.

Tanuri lilikuwa kubwa kama kaburi la watu kumi, magogo yamepangwa na kufukiwa kwa majani na udongo, na kileleni palikuwa na ufa unaopumua mwekundu. Benedikta alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ufa huo, na koleo, miguu pekupeku. Alipomwona Agape uso wake ukafunguka wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtumishi wa Mungu. Umenikuta mchafu."

Agape alimwomba ashuke. Akashuka, akimfuta vumbi mgeni badala ya kujifuta mwenyewe, akamkalisha kwenye gogo. Alikuwa na makovu. Shavu la kushoto lilikuwa limekunjamana, na vidole viwili vya mkono uleule vilikuwa vimeshikana, kazi ya moto wa zamani. Alisimulia kwa haraka kama mtu aliyekosa wa kumwambia: usingizi umerudi, kichwa chepesi, siku ya sita hii. Isipokuwa huu mkono. Tangu jana asubuhi unaruka wenyewe. Kikombe kilimtoka jana, leo sufuria. Mwinjilisti amemwambia asiogope, ni nguvu za Roho zinaingia.

Agape aliujua mkono huo. Ulikuwa wa kwake, chuoni, asubuhi ya mtihani.

Hakutafuta maneno mazuri. Alifungua pochi, akafungua fundo la leso, akatoa kopo. Kidonge cha asubuhi hiyo alikuwa amekibakiza makusudi. Akakiweka kidonge ulimini, akakimeza kwa mate, na kilikuwa kichungu.

"Nakunywa kila siku, mama. Tangu nilipoacha kuanguka sijaruka hata kimoja."

Benedikta alilitazama kopo. Akamtazama Hashiru, kana kwamba yeye ndiye atamwambia maana yake. Hashiru akaangalia chini.

"Kwa hiyo hujapona."

"Sianguki. Mungu ndiye aliyenipeleka kuvichukua. Sikulisema hilo."

"Kwa nini?"

Agape alikuwa amejiandaa njia nzima kwa swali hilo, na yote aliyoyaandaa yakapotea.

"Walipiga makofi," akasema.

Nyuma yao tanuri lilipiga mlio, gogo likavunjika ndani. Agape akamwekea vidonge kiganjani, akamwambia anywe kimoja basi, halafu Hashiru awapeleke zahanati wote wawili. Benedikta hakukifunga kiganja. Alivitazama kama mbegu za mtu mwingine, akavirudisha kimoja kimoja ndani ya kopo.

"Jumapili ulinitazama machoni," alisema. "Nilikuamini. Leo unanitazama hivyohivyo. Nitajuaje ni ipi ya kweli?"

Akanyanyuka, akachukua koleo, akapanda.

Agape alimwita, hakugeuka. Ufa ulikuwa umeongezeka, ulimi wa moto ukitoka na kuingia. Agape akavua viatu, hata hakujua kwa nini anavivua, akapanda nyuma yake. Udongo ulikuwa wa moto kama chungu. Alimfikia, akashika fundo la kanga yake kiunoni kwa mikono yote miwili na kusimama hivyo. Benedikta akamwambia amwachie. Agape akamwambia hamwachii. Yule mama akasema moto utamchoma. Agape akasema basi tutaungua wote.

Hawakugombana sana. Koleo liliinuka likabaki juu. Mkono uliruka mara moja, mara mbili, kichwa kikageuka polepole upande wa bega, kama mtu aliyeitwa na jina lake kutoka msituni, na sauti ikamtoka ambayo si ya kike wala ya kiume. Agape alijirusha nyuma na lile fundo. Wakabingirika wote wawili chini, udongo ukiwafuata, na mahali alipokuwa amesimama Benedikta pakadidimia ndani, cheche zikapanda.

Hashiru alikuwa ameshafika. Wakamlaza ubavu, Agape akamwekea mtandio wake chini ya kichwa na kuhesabu sekunde kwa sauti, kama alivyofundishwa. Mshtuko ukaisha. Macho yakafunguka nusu, hayamwoni mtu. Kisha ukaanza tena.

Alianguka mara nne kabla ya kufika zahanati, amekalishwa katikati kwenye pikipiki, Agape nyuma amemkumbatia kwa mkono wake uliobabuliwa na cheche. Wakamchoma sindano. Akatulia. Muuguzi alisema tungojee aamke, na hakuahidi. Jioni aliamka, akataka maji, akamwona Agape, akageuzia uso ukutani. Lakini kidonge alichopewa na muuguzi alikimeza.

Jumapili mkutano ulikuwa umejaa mpaka nje ya turubai. Laurean alijua tayari, kijiji kilijua, lakini kila mtu alikuwa anajua kwa namna yake: wengine walisema ni vita ya kiroho, wengine ni moshi. Laurean alimsihi Agape aseme tu kwamba adui amejaribu akashindwa. Agape akamwitikia kwa adabu, akapanda jukwaani na bandeji yake. Mstari wa mbele, mama Zablon, kengele mapajani.

Akaanza palepale pa siku zote, foleni ya chakula chuoni. Alipofika pa "sijaanguka tena", makofi yakaja, kinanda kikaingia. Aliinua ule mkono wenye bandeji mpaka kinanda kikakoma. Akasema hajamaliza. Akawapa kliniki, akawapa jina la Stellamaris, akalitoa kopo na kuliinua. Akasema yeye ameokoka na ana kifafa, vyote viwili, na Yesu aliyemfia hakumwambia achague. Akasema jana mtu alikaribia kufa motoni kwa sababu yeye aliiacha nusu ya kazi ya Mungu nje ya mlango, apate makofi.

Kengele ikalia. Agape akaendelea. Ikalia tena, ndefu. Alimtazama mama mkwe wake mtarajiwa, akaendelea, na mara ya tatu kengele haikulia. Mama Zablon alikuwa ameiziba kwa kiganja. Kwa hasira au kwa nini, usoni haikusomeka.

Alipomaliza hapakuwa na amina. Turubai lilipigwa na upepo.

Kisha nyuma kabisa akasimama mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Hakuwa wa Masaki, hakuna aliyemtambua. Aliuliza kwa sauti ndogo, kwa heshima, kama aulizaye njia, kwamba dawa ya sukari, mtu akiwa ameiacha wiki tatu, anaweza kurudi akaanza tena? Ni mume wake. Hajaweza kusimama tangu Alhamisi.

Laurean akakaa chini.

Agape alimuuliza ushuhuda aliusikia wapi.

"Mume wangu ndiye aliyeusikia," akasema yule mwanamke. "Kwetu Dutumi."

Kabla Agape hajashuka jukwaani, upande wa kushoto mkono mwingine ulikuwa unainuka.