Choo Kinachohamahama

Twagirimana alipofika kiwanjani kwake Nengo, mtaa ulio karibu na mpaka wa Goma, asubuhi ile ya mwaka tisini na tisa, choo chake kilikuwa kimehama. Nyumba yenyewe bado ilikuwa kamba na vigingi tu, lakini aliijua chumba kwa chumba: vyumba sita, maana watoto na wajukuu watakuja kumtazama, milango mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu, ngazi hakuna hata moja, kwa kuwa magoti ya uzeeni hayana adabu, na choo ubavuni mwa kitanda. Sasa choo kilikuwa kule mwisho, karibu na jiko. Mzee wa watu akafikicha macho.

Wazee hujenga kwa ajili ya magoti. Kichwa hakuna anayekipangia bajeti.

"Muhamadi!" alifoka. "Nani kasogeza kamba?"

Muhamadi, fundi mwashi aliyekuwa akivuka mpaka kutoka Goma kila siku, aliweka mwiko chini. "Mi sikusogeza kitu bure, Muzee. Ni weye ulisema."

"Mimi? Nina wazimu?"

Fundi alitoa daftari la ujenzi. Twagirimana ndiye aliyelinunua. Alikuwa karani wa ushirika wa kahawa kule Karagwe, Tanzania, miaka ishirini, na kwake mali bila daftari hupotea bila habari. Alijiwekea sharti: kila badiliko aliandike kwa mkono wake, atie sahihi.

Alisoma. Jumatatu: choo kiende jikoni. Jumatano: kirudi chumbani. Alhamisi, yaani jana: kiende jikoni, nani kakileta chumbani? Mwandiko wake ule ule wa kulala upande, sahihi yake yenye mkia. Akatafuta herufi moja ya kughushi, asiipate. Jina la mpima kahawa wa mwaka sitini na nane alilikumbuka, lakini Jumatano hakuiona popote kichwani.

"Musingi ya choo tumechimba mara ine," alisema Muhamadi taratibu. "Mawe nayo, bon, uliita lori mara tatu. Ingine tutaweka wapi?"

Pesa ilikuwa moja tu, ya shamba la migomba waliloliuza Karagwe walipoamua kurudi nyumbani. Ikiisha hiyo, mkewe Illuminée atazeekea nyumba ya kupanga.

Illuminée alikuwa amefika na chupa ya chai. Alikuwa akitazama chini.

"Ulijua?" mumewe alimuuliza.

"Tangu Pasaka, Baba Liliane."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara mbili."

Hapo akaogopa. Kisha akaomba kalamu. Aliandika kwa muda mrefu, akatia sahihi, akampa fundi daftari.

Kesho yake alifika mapema. Kamba zilionyesha vyumba viwili, na choo ubavuni mwa kitanda.

"Muhamadi! Vyumba vyangu vinne nani kaviiba?"

Fundi akamfungulia ukurasa wa mwisho. Twagirimana akasoma kwa sauti: "Nyumba iwe ya vyumba viwili. Choo kikae karibu na kitanda, kisihame tena. Kuanzia leo amri ni ya Illuminée peke yake. Mimi nikibisha, nionyeshwe hapa."

Akasoma tena, polepole, kidole kikifuata maneno hadi kwenye mkia wa sahihi.

"Aliyeandika hii ni karani hasa," alisema mwishowe. "Mfuateni huyo."

Akaketi juu ya mawe, akasubiri chai.